Barua kwa Mwanangu Kuhusu Ugonjwa wa Wasiwasi

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza inawezekanaje daktari akuambie moyo wako ni mzima, kisha aandike kuwa una ugonjwa wa wasiwasi, ilhali siku ile ndani ya basi la mwendokasi pale Kimara moyo ulikwenda mbio, vidole vikafa ganzi, nawe ukaamini kwamba unakata roho. Daktari hakukudharau. Lililokupata ni shambulio la hofu: ubongo hutangaza hatari isiyokuwepo, adrenalini, homoni ya kuuandaa mwili kupambana au kukimbia, humwagika kwenye damu, moyo hupiga kwa kasi, na kwa kuwa mtu huhema harakaharaka, hewa ya kabonidayoksaidi hupungua mwilini, ndipo ganzi na kizunguzungu hufuata. Mara nyingi hali hiyo hufikia kilele ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe.

Wasiwasi wa kodi ya nyumba au wa usaili wa kazi ni wa kila binadamu. Huwa ugonjwa pale unapozidi kiasi na kudumu, ambapo kwa wasiwasi wa jumla, yaani ule wa mambo mengi ya kila siku, wataalamu huangalia kipindi cha miezi 6, ukaleta kukosa usingizi, kukaza kwa misuli na hasira za karibu, na ukaanza kukupangia maisha. Hapo ndipo ninapokuonea wasiwasi mimi, kwa sababu sasa unalipia bodaboda kila asubuhi ili usipande basi. Kila unapolikwepa unapata nafuu ya muda, lakini ubongo nao unazidi kusadiki kwamba basi lilikuwa hatari kweli.

Shangazi yako anasema umerogwa. Msikilize kwa adabu, ila Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa haya, na sijui ni mchawi gani angewamaliza wote hao. Chanzo huwa mchanganyiko wa kurithi, misiba, mateso ya utotoni na shinikizo la muda mrefu. Mwombe daktari akupime pia tezi ya thairoidi iliyo shingoni na wingi wa damu, maana kasoro zake huweza kuleta dalili zilezile, na upunguze vile vinywaji vya kuongeza nguvu.

Tiba ninayoiamini zaidi ni ile ya mazungumzo, ambamo mtaalamu hukufundisha kuzihoji fikra zako na kukurudisha kidogo kidogo kwenye unachokiogopa: leo kituo kimoja, baadaye viwili. Daktari akiongeza dawa kama sertralini, ujue kwamba huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, huweza kukuchafua tumbo au kuzidisha wasiwasi siku za mwanzo, na haiachwi ghafla. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ni jambo jingine: hufanya kazi upesi, lakini mwili huizoea na kuidai. Vile vidonge vya diazepamu ulivyopewa na rafiki yako, vipeleke kliniki umwonyeshe daktari kabla hujameza hata kimoja.

Mama yako