Shangazi, kiinua mgongo changu nimpe shemeji?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nastaafu mwakani. Kiinua mgongo nimepigiwa hesabu kama milioni 50. Mdogo wake mume wangu anataka kuniuzia nyumba ya marehemu baba yao iliyoko Mbagala, vyumba sita vya wapangaji, kila kimoja 60,000 kwa mwezi. Bei milioni 70, anasema mtu baki angeambiwa 90. Zinazopungua tukope benki kwa riba ya asilimia 17, miaka mitano, dhamana nyumba yetu ya Kihonda. Mume wangu ameshamkubalia. Nikiuliza chochote naambiwa siwapendi ndugu zake. Nyumba ya kupangisha si ndiyo pensheni ya uhakika, Shangazi?"

Marahaba, Mwalimu. Umewafundisha watoto wa wenzio hesabu miaka yote hiyo. Leo ngoja nikuite wewe ubaoni.

Vyumba sita mara 60,000 ni 360,000 kwa mwezi, tena vikiwa vimejaa vyote na hakuna anayekupiga kalenda. Milioni 20 kwa riba hiyo, hata ikiwa ni ile inayopungua kadiri deni linavyopungua, rejesho lake ni karibu 497,000 kila mwezi. Maana yake wapangaji wote wakilipa bila kukosa, bado utachomoa 137,000 kwenye pensheni yako, mwezi hadi mwezi, kwa miaka mitano. Siku ukishindwa, dalali wa mnada haendi Mbagala. Anakuja Kihonda, unapolala.

Na bado hatujagusa nyumba yenyewe. Mimi nimewahi kuwa mama mwenye nyumba, vyumba vinne vya uani, mita moja ya umeme wa LUKU. Kazi hiyo nilidhani ni ya kukaa kibarazani nikisubiri kodi. Nikawa hakimu: mwenye friji hataki kuchangia zaidi ya mwenye taa moja, mwenye pasi anaapa hapigi pasi, na usiku umeme ukikatika simu ni yangu. Shimo la choo lilijaa wiki ileile chumba kimoja kilipohamwa, na gari la majitaka halikopeshi. Dalali akaniletea mpangaji mpya, aliyelipa miezi sita kwa mkupuo, na hela yote ikaishia kwenye bati. Kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye umeme, na TRA nao wana asilimia 10 yao kwenye pango. Wewe uko Morogoro. Nani atakayekwenda kugonga milango tarehe 1? Nakisia ni shemeji huyohuyo, na siku akisema "dada, mwezi huu hawajalipa", utamwitia nani?

Lakini lililonikosesha usingizi kwenye barua yako ni neno moja: marehemu. Nyumba ni ya baba yao. Mirathi ilifunguliwa? Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ni nani? Watoto wengine wa mzee, na mama yao kama yupo, wameridhia? Kama shemeji hana barua ya usimamizi, hana cha kukuuzia, hata muuziane mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi kumi. Ukishalipa, atatokea wifi kutoka Songea na watoto wake kudai haki yao, na mbaya utakuwa wewe uliyeinunua kwa bei ya kidugu.

Hata barua ikiwepo, fanya upekuzi ofisi ya ardhi. Uliza ni hati au leseni ya makazi, na nyumba iko umbali gani na hifadhi ya barabara. Wa Kimara hadi Kiluvya walibomolewa nyumba 2017 kupisha barabara, wengine baada ya kukaa hapo miaka na miaka.

Sisemi nyumba ni uwekezaji mbaya. Ardhi hupanda thamani na shilingi huchakaa. Wapo wastaafu wanaokula vizuri kwa vyumba vyao. Ila nyumba yenye faida ni ile uliyoinunua bila kukopa na unayoweza kuifikia kwa miguu. Kuna na njia nyingine: hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Zinauzwa na Benki Kuu, zinaanzia milioni 1, riba inaingia mara mbili kwa mwaka, na hakuna anayekupigia simu choo kimejaa. Tukikadiria asilimia 10 tu, ambayo zile za muda mrefu zimekuwa zikiivuka, milioni 30 zinakuletea milioni 3 kwa mwaka. Ishirini iliyobaki usiimalize. Kama kiwanja cha Kihonda kina nafasi nyuma, jenga vyumba viwili kwanza. Morogoro haikosi wanafunzi wa kupanga. Viwili tu, uone kama unaiweza kazi yenyewe.

Kuhusu mzee wako: hawezi kuiweka rehani nyumba yenu ya ndoa bila ridhaa yako. Sheria ya Ndoa ya 1971 imelisema hilo, na benki yoyote makini itaitaka sahihi yako. Huna haja ya kugombana naye wala kuwasema ndugu zake. Wewe usisaini tu.

Shemeji akija Jumapili, mkaribishe, mpikie, muulize habari za watoto. Akishakunywa chai mwombe akuonyeshe barua ya mahakama. Akisema ameisahau Dar, mwambie hakuna haraka, aje nayo safari ijayo.