Maswali ya wasomaji: Wa mwisho akifika kafe, wenzake wanavaa helmeti

Wiki hii barua zimejaa waendesha baiskeli, na karibu wote wanalalamikia kitu kimoja kwa sura tofauti, ile stopi ya kahawa katikati ya safari. Nimechagua nne.

Anko shikamoo. Mi naendesha na kundi la watu kama kumi na tano hivi kila Jumamosi, wengi wananizidi spidi. Tukikaribia kafe wanaanza kushindana nani afike wa kwanza, mi nabaki peke yangu huko nyuma, nikifika nakuta vikombe vitupu na nikitaka kuagiza naambiwa "tunaondoka sasa hivi". Nakunywa maji nageuza baiskeli. Niache tu, au nitafute kundi la wazee?
*Wa Mkiani*

Marahaba mdogo wangu. Usiache, na kundi la wazee usilidharau, kuna wazee watakuacha mlimani hapo ukabaki unahesabu miti. Spidi yako haina kosa, kosa liko kwenye saa yao. Wao wanahesabu mapumziko kuanzia walipofika wao, yaani aliyechoka kidogo anapumzika nusu saa na aliyechoka sana hapumziki kabisa, halafu mkitoka pale wanashangaa mbona mtu ameachwa tena baada ya kilomita tano. Tena fikiria hili, ukiwa ndani ya kundi umejificha nyuma ya mgongo wa mwenzio unaokoa nguvu nyingi, kwenye barabara tambarare inaweza kufika karibu theluthi, sasa wewe uliyeachwa umekuja unakata upepo mwenyewe, kwahiyo umechoma nguvu kuliko hao wanaokusubiri wamekunja nne. We ndo unahitaji kukaa na kula kuliko wote hapo mezani!

Waambie kabla ya safari, usisubiri pale kafe watu wameshasimama: saa inaanza kuhesabiwa wa mwisho akishakaa. Dakika 20 zinatosha, zikizidi sana jasho linapoa mgongoni, miguu inakaza na zile kilomita za kwanza mkitoka zinakuwa adhabu. Anayepanga njia naye asiweke kafe chini ya mlima mkubwa, hakuna anayependa kupanda na tumbo limejaa. Na wewe tuma oda yako na mtu wa mbele, mpe na hela kabisa, ufike ukute kikombe kinakusubiri. Wakikataa hata hilo hapo ndo utafute kundi lingine na mi nitakuunga mkono.

Habari mwanangu. Nina miaka 58, nimeanza baiskeli uzeeni na naipenda sana. Tunaendesha masaa matatu, mara nyingine manne. Huwa najibana nisile chochote mpaka kafe maana naona nikila njiani nitakuwa mzito. Juzi kabla hatujafika mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi, nikawa namkasirikia kila anayenisemesha. Kufika nikala keki mbili kubwa za krimu, tulipoondoka tumbo likakataa kabisa. Ni ugonjwa?
*Mama Magurudumu*

Shikamoo mama, na hongera. Kwa jinsi ulivyoeleza inaonekana umekata moto tu, yaani sukari ya mwili imekuishia njiani, hata hizo hasira ni sehemu yake, ubongo unaishi kwa sukari na ikipungua mtu anakuwa hasemezeki. (Ila kama unatumia dawa za kisukari, au hali hiyo inakupata hata ukiwa umekaa nyumbani, nenda kwa daktari kabla ya Jumamosi ijayo.) Mwili unatunza wanga kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo ukiendesha kwa nguvu inakutosha kama lisaa limoja na nusu mpaka masaa mawili. Sasa kama kafe iko lisaa la pili na nusu, mama yangu, ulitegemea ufike na nini?

Anza kula mapema, dakika 30 au 40 tangu mmeondoka, wakati hata njaa huna, maana njaa ikishakuja umechelewa. Safari ndefu inataka gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa lisaa. Ndizi moja ya kuiva ya ukubwa wa kawaida ina kama gramu 25 hivi, kwahiyo ndizi moja au mbili kwa lisaa unakuwa salama, au vipande vya mkate vyenye jamu, au tende kadhaa. Hao wa mashindano wanafika 90 na zaidi lakini wamefundisha matumbo yao kwa kuchanganya sukari za aina mbili, glukosi na fruktosi, wewe usiwaige. Na ile keki ya krimu ina mafuta mengi, mafuta yanakaa tumboni muda mrefu, ukirudi kwenye pedeli damu inakimbilia miguuni na tumbo linaachwa na mzigo wake. Kula nusu ya kipande kwa raha zako, nyingine wape vijana.

Kingine ni namna ya kubeba. Chakula kikiwa chini kabisa kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, kimebanwa na koti la mvua, hutakila, nakuhakikishia, maana kukitafuta kwa mkono mmoja huku unayumba mbele ya watu inatisha. Kata mkate vipande vya mdomo mmoja ukiwa nyumbani, funga kila kimoja peke yake na uache pembe ya karatasi imechanika tayari, weka upande wa mkono unaotumia kula. Ukitaka kula rudi nyuma ya kundi kwanza, usile ukiwa katikati. Karatasi inarudi mfuko uleule.

Ila nisieleweke vibaya, wale wa safari ya lisaa limoja hawahitaji mambo yote haya. Chai ya asubuhi na maji vinatosha, nawaona watu wanazunguka kilomita 20 wamejaza jeli, zile pakiti za sukari ya kunyonya, mifukoni kama wanavuka bara.

Anko, rafiki yangu anasema kahawa inakausha maji mwilini na mwendesha baiskeli hatakiwi kuigusa. Mbona hata mabingwa wanakunywa?
*Kikombe Kimoja*

Mwambie rafiki yako kikombe au viwili havikaushi mtu aliyezoea, maji ya kwenye kahawa yenyewe nayo yanahesabika. Kahawa na baiskeli ni marafiki wa siku nyingi, Eddy Merckx mwenyewe, yule bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa timu ya Faema, kampuni ya Italia ya mashine za kahawa. Kafeini, ile inayochangamsha ndani ya kahawa, ilikuwa na kikomo chake kwenye michezo mpaka ilipotolewa kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 2004. Inasaidia kweli, kipimo kinachotajwa sana ni miligramu 3 mpaka 6 kwa kila kilo ya mwili, kwahiyo mtu wa kilo 70 akinywa vikombe viwili vyenye nguvu ameshagusa kile cha chini. Ila inachukua kama dakika 30 mpaka 60 nguvu yake kukolea mwilini. Ukinywa kilomita tatu kabla ya kufika nyumbani utakayemsumbua ni mwenzio kitandani usiku.

Ndugu mwandishi, mimi nina kafe. Wanakuja watu ishirini kwa mpigo, baiskeli zinaziba mlango, wanajaza chupa zao maji, wananunua kahawa sita na kila mmoja anataka bili yake. Wateja wangu wengine wanageuzia mlangoni. Niwafukuze?
*Mwenye Kafe*

Usiwafukuze dada (au kaka, hukusema), lakini wapangie. Waonyeshe ukuta mmoja wa kuegesha baiskeli na useme mlango ni wa watu. Bili iwe moja, watachangishana wenyewe huko nje. Chupa zinajazwa baada ya kuagiza, na hilo liandike pale kaunta kwa herufi kubwa ili usilazimike kugombana na mtu mmojammoja. Halafu mtafute yule anayeongoza kundi, kila kundi lina mmoja ambaye wenzake wanamsikiliza, umpe namba ya kafe wawe wanapiga nusu saa kabla. Na wakipiga wataje idadi kamili, wasikwambie "tupo wachache tu" halafu wanashuka ishirini na mbili.