Mawazo Yakizidi, Misuli Haipumziki

Barua za wiki hii zimetoka Nakuru hadi Busia, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mawazo yanaingiaje mwilini hadi mtu anaumwa? (Mnaniita daktari. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini nimezoea.)

Daktari, mimi ni fundi wa nguo hapa Bondeni, Nakuru. Kila Januari, msimu wa sare za shule, shingo na mabega huuma hadi siwezi kugeuka. Nilipigwa picha, wakasema mifupa iko sawa, eti ni mawazo tu. Kwani najisingizia?

Hujisingizii hata kidogo, dada. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi msuli uliokaza. Mtu akiwa na wasiwasi, ubongo huujulisha mwili kwamba kuna hatari: adrenalini hupanda, moyo huenda mbio, na misuli hukaza kabla hajainua chochote. Unaoitika upesi ni trapezia, ule msuli mpana unaoanzia kisogoni na kutandaa hadi mabegani. Watafiti wamewahi kuwabandika watu vipimo vya umeme wa misuli hapo begani, kisha wakawapa hesabu za kichwa za haraka wakiwa wameketi tu. Msuli ulianza kufanya kazi ingawa hakukuwa na mzigo.

Mwaka 1991, Göran Hägg wa Uswidi alitoa nadharia inayokufaa. Ndani ya msuli, nyuzi ndogo ndizo huitwa kazini kwanza na kuachiliwa mwisho. Kazi ikiwa nyepesi lakini haina kituo, nyuzi hizo hizo hukesha. Ongeza mteja anayepiga simu kila saa na deni la kitambaa, hazilegei hata cherehani ikinyamaza.

Uzi ukikatika, usiushike mara moja. Angalia kwanza mabega yako yako wapi. Yakiwa karibu na masikio, yapandishe zaidi, yakaze kwa sekunde tano, kisha uyaachilie ghafla huku ukitoa pumzi. Njia hii ya kukaza na kulegeza ilianzishwa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, karibu karne moja iliyopita, na bado tunaitumia. Rudia kila unapojaza bobini. Halafu pandisha kiti: meza ikiwa juu kuliko viwiko vyako, hakuna zoezi litakalokuokoa. Najua hayo yote hayalipi deni la kitambaa.

Napakia magunia Kibuye, Kisumu. Nimebeba miaka mingi bila shida, lakini tangu aje msimamizi mpya anayefoka, mgongo unanisumbua. Wenzangu wananicheka nikisema ni yeye.

Waambie waache kucheka. Mwaka 2000, William Marras na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 25 walioinua mizigo wakiwa wamefungwa vipimo mwilini. Kwanza waliinua kwa utulivu, kisha wakawa wanakosolewa. Mzigo ulikuwa ule ule, lakini kwa baadhi yao, hasa watu wakimya, uti wa mgongo ulibanwa zaidi. Misuli ya tumbo na ya mgongo ilikuwa inakaza kwa pamoja, ikivutana, na uti uko katikati. Kwa hiyo msimamizi wa namna hiyo anakuongezea uzito bila kugusa mizani, na kwangu mimi hilo ni suala la usalama kazini, si la adabu peke yake.

Kwa upande wako, usiinue gunia papo hapo ukishatukanwa. Toa pumzi, panga miguu, ndipo uiname. Ila kuna dalili ambazo usizisingizie mawazo: miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujijua. Ukiona hivyo, hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanangu wa kidato cha nne hapa Kakamega ni mchezaji kandanda. Kila moki ikikaribia anaumia. Kocha anasema hapashi misuli moto vizuri.

Kocha ana sehemu ya ukweli, mama, lakini si wote. Mark Andersen na Jean Williams walieleza mwaka 1988 kwamba mchezaji mwenye msongo hukaza misuli, hupotewa na makini, na upeo wa macho yake hupungua: mpira anauona, beki anayemjia ubavuni hamwoni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri uliotoka 2016 ulikuta wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wakiumia zaidi wiki za mitihani. Kwa kijana wako ongeza usiku wa kusoma bila kulala. Misuli iliyochoka huchelewa kupona. Mwombe kocha apunguze mbio za kasi wiki za moki. Asimwondoe kikosini kabisa, maana huenda uwanjani ndiko anakopumulia.

Niko steji ya Kondele. Nikiwaza mkopo wa pikipiki mikono hutetemeka na vidole hufa ganzi.

Kutetemeka ni adrenalini hiyo hiyo, kaka. Ganzi huenda inatokana na kushika usukani kwa nguvu kupita kiasi, basi legeza vidole kila ukisimama. Ikikuamsha usiku, hasa kidole gumba, cha shahada na cha kati, mshipa wa fahamu huenda umebanwa kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono, kapimwe. Na niliyosema kuhusu macho ya mchezaji yanakuhusu wewe zaidi. Mkopeshaji akipiga simu, egesha kwanza.

Mwalimu, Njoro: naamka taya zinauma.

Inaelekea unasaga meno usingizini. Mchana, midomo ikiwa imefungwa, meno ya juu na ya chini hayafai kugusana. Jichunguze ukisahihisha madaftari. Daktari wa meno anaweza kukutengenezea kinga ya kuvaa usiku.

Mzee, Busia: naweza kuendelea na diklofenaki, dawa ya maumivu, kila jioni?

Hapana, mzee wangu, si bila kupimwa, na hasa ukiwa na presha, vidonda vya tumbo au shida ya figo. Ukienda kliniki, beba na pakiti uwaonyeshe.