Roboti ya wapinzani imefunikwa boksi: tutajuaje ilivyoundwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kapteni wa klabu ya roboti ya shule yetu huku Masasi, niko kidato cha tatu. Mwezi ujao tunakutana Mtwara mjini na timu ya Lindi iliyotushinda mwaka jana. Wametutumia kivideo cha sekunde 12 kwa WhatsApp: roboti yao imefunikwa boksi, inakimbia darasani, inasimama, halafu inakwenda ubavu kama kaa bila kugeuka. Wenzangu wamepaniki, wanataka tubomoe yetu yenye mkono tuanze upya. Kanuni ni hizi: roboti ianze ikiwa ndani ya sentimita 30 kila upande, mota zisizidi nne, servo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiamuru) nayo inahesabiwa, kikasha kimoja kwa safari. Kukifikisha eneo la sakafuni, mita 2 kutoka vilipo, ni alama 2. Kukiweka kwenye rafu ya kimo cha sentimita 45 ni alama 5. Mchezo ni dakika 2. Je, tunaweza kujua wameunda nini?

JIBU: Marahaba, kapteni. Kwanza wanyang'anye wenzako bisibisi.

Hao wa Lindi wamefunika roboti wakaacha mwendo wake wazi, na mwendo unasema mengi. Roboti ya magurudumu manne inayokwenda ubavu namna hiyo kwa kawaida imefungwa magurudumu ya mekanamu, yale yenye viringi vidogo vilivyolala mshazari kuzunguka ukingo. Kila gurudumu la aina hiyo linataka mota yake, maana ubavu unapatikana pale mawili yanapozunguka kwenda mbele na mawili kurudi nyuma kwa wakati uleule. Magurudumu manne, mota nne. Sasa soma tena kanuni yenu: mota zimekwisha! Haikubaki ya kunyanyua mkono wala servo ya kubana kikasha. Na roboti iliyoanza ndani ya sentimita 30 haifiki rafu ya 45 bila kitu cha kupanda juu. Wanaweza kufyatua mkono kwa mpira wa manati, sawa, lakini safari ya pili nani atauvuta tena?

Kwa hiyo dau langu ni kwamba wanasukuma vikasha sakafuni, basi.

Kuna njia ya kunikosoa. Magurudumu matatu ya omni, yale yenye viringi ukingoni vinavyoyaruhusu kuteleza ubavu, yaliyopangwa pembetatu nayo huenda ubavu, kwa mota tatu tu, na ya nne ikabaki kunyanyua beleshi dogo. Isimamishe video pale boksi linapoinuka kidogo, mtazame magurudumu yamekaa wapi. Yakiwa pembe nne, hoja yangu inapata nguvu. Likionekana moja katikati ya ubavu, shughuli ipo.

Kuhusu kasi, msikadirie kwa macho. Sakafu ya darasa lao ina vigae? Vingi vya madukani ni vya sentimita 30, 40 au 60, na ukubwa wake mtaupata kwa kulinganisha na kitu mnachokijua kwenye picha, kama mguu wa kiti. Tuseme ni vya 40 na roboti imevuka vitano kwa sekunde 2.5. Hiyo ni mita 2, yaani mita 0.8 kwa sekunde. Zile mota za njano za plastiki, kwa volti 6, huzunguka kama mara 200 kwa dakika bila mzigo. Zikifungwa gurudumu la kipenyo cha sentimita 6.5 hazizidi mita 0.68 kwa sekunde. Mkipata 0.8, basi wana magurudumu makubwa zaidi, au betri yenye volti nyingi, au mota nyingine kabisa.

Sehemu inayoamua ni saa. Kwa kasi hiyo, kwenda sekunde 2.5, kurudi 2.5, na kama 5 za kulenga na kugeuza: sekunde 10 kwa kikasha. Katika dakika 2 ni vikasha 12, alama 24. Ninyi vikasha vitano vya rafuni ni alama 25. Maana yake mna sekunde 24 kwa kila kikasha, muda wa kutosha hata kwa mkono mvivu. Wakiwa hodari wakatumia sekunde 8, watafikisha alama 30, nanyi mtahitaji saba, kila kimoja kwa sekunde 17. Kwa hiyo wiki zilizobaki fanyeni mazoezi ya mkono mkiwa na saa mezani. Kikasha kinachodondoka chini ya rafu kitawaumiza kuliko kasi ya mtu yeyote.

Na waulizeni. Si ujasusi. Katika mashindano ya FIRST, taasisi iliyoanzishwa Marekani na Dean Kamen mwaka 1989, timu hupitiana mezani na kuulizana waziwazi roboti inafanya nini, kwa sababu mechi hupangwa kwa miungano na mpinzani wa asubuhi anaweza kuwa mwenzako mchana.

Siku ya ukaguzi tazameni jambo moja tu: mota nne zimefungwa wapi. Mkiona mbili zimekwenda kwenye mkono, ujue magurudumu ya kwenye video wameyaacha Lindi. Hapo roboti yao haiendi ubavu tena, lazima igeuke mbele ya rafu kama yenu, na sekunde zake mtazihesabu upya kwenye mechi yao ya kwanza.