Gemu yangu ya RPG watu wanaiachia njiani: je, tatizo ni michoro?

SWALI: Salaam mwalimu. Nimetengeneza gemu ya RPG ya njozi (ile ambayo mchezaji anabeba nafasi ya mhusika wa hadithi) peke yangu kwa miaka miwili, usiku baada ya kazi, kwa kutumia programu ya RPG Maker MV. Inamhusu binti wa mchimba visima katika nchi ambayo maji yamekauka kwa sababu watu wamesahau majina ya visima vyao. Nimewapa watu 11 waijaribu. Wote wanasifu hadithi na muziki, lakini wanane wameiachia kwenye Pango la Chumvi, hata saa moja haijaisha. Michoro yangu ni ileile inayokuja na programu. Kuna mtu anayejiita mshauri wa gemu ameniambia tatizo ni hiyo michoro. Anataka kuniuzia seti mpya pamoja na plagini za mapigano, yaani vipande vya kuongezea kwenye programu, halafu baadaye anihamishie kwenye Unreal, programu nyingine ya kutengenezea gemu. Naomba uniambie ukweli: nguvu ya gemu yangu ni ipi, udhaifu wake ni upi, na je, ninunue? Faili nimekutumia.

JIBU: Ndugu yangu, usinunue. Gemu yako nimeicheza zaidi ya saa tatu, nimefika kisima cha tatu. Naanza na michoro ili tuiondoe njiani, maana swali hili linanifikia karibu kila juma, na kila anayeniuliza tayari kuna mtu amemwandalia bei.

Watu wanane hawakuikimbia michoro yako. Michoro waliiona tangu sekunde ya kwanza. Kama ingekuwa ndiyo iliyowakera, wangeondoka palepale. Wasingezunguka kijiji kizima wakiongea na wazee, wakashuka bondeni, wakaingia pangoni, ndipo wakumbuke kwamba nyumba zako wameshaziona kwenye gemu nyingine. Mtu aliyeondokea pangoni ameondoshwa na kitu kilichomo pangoni. Hili ni jambo jepesi kabisa kulifikiri, na inanisikitisha kwamba mtu aliyejiita mshauri hakulifikiri.

Basi tuingie pangoni. Ukiiacha RPG Maker MV kama ilivyokuja, pigo la kawaida linahesabiwa hivi: a.atk * 4 - b.def * 2. Yaani nguvu ya anayepiga mara nne, ukatoa kinga ya anayepigwa mara mbili, kisha jibu linayumbishwa hadi asilimia 20 kupanda au kushuka. Hesabu hiyo hukuigusa. Binti wako anaingia pangoni akiwa na nguvu 20. Yule kaa mkubwa wa chumvi anayelinda njia ya kutokea ana kinga 30 na uhai 400. Ishirini mara nne ni 80, toa 60, inabaki 20. Mchezaji atampiga kaa mapigo 20 hivi, na kaa naye muda wote huo anapiga.

Sasa, nyuma ya kinu cha kijiji umeficha sanduku lenye upanga unaoongeza nguvu 10. Aliyeupata anapiga 120 toa 60, sawa na 60. Kaa yuleyule anaanguka kwa mapigo saba. Angalia vizuri: silaha imeongeza nusu tu ya nguvu aliyokuwa nayo, lakini pigo limekuwa mara tatu. Hesabu ya kutoa ndivyo ilivyo. Inapokaribia sifuri inakatika ghafla kama ukingo wa genge. Ungempa kaa kinga 40, asiye na upanga angempiga mpaka kuche na uhai usipungue hata pointi moja.

Katika miaka hiyo miwili, umewahi kuingia pangoni bila upanga huo? Najua hujawahi. Sanduku uliliweka wewe mwenyewe, mkono unakwenda wenyewe nyuma ya kinu kila unapoanza gemu. Mimi sikuliona. Nilimjua kaa wako kwa mapigo 20, nikafa mara mbili. Waulize wale watatu waliovuka kama walipita nyuma ya kinu.

Na kufa kwenyewe ndiko kunakoumiza, kwa sababu umefunga kusevu, yaani kuhifadhi pale mchezaji alipofikia. MV inamruhusu mchezaji kusevu kwenye menyu wakati wowote, wewe umeizima ili watu wasevu visimani tu. Wazo ni zuri na linaendana na hadithi. Lakini kisima cha kwanza kiko ng'ambo ya kaa! Anayekufa pangoni anarudishwa kwenye skrini ya mwanzo, anasomeshwa utangulizi upya, anazunguka kijiji upya. Mimi ilinigharimu dakika 25 kila mara. Nilirudi kwa sababu ulikuwa umeniomba ushauri. Rafiki yako aliyekuwa amepumzika kitandani hakuwa na sababu ya kurudi.

Kuna namba nyingine hukuigusa, nayo ni hatua kati ya pigano na pigano. Programu inaanza na 30, na 30 hiyo ndiyo wastani, kwa hiyo pambano linaweza kukuzukia baada ya hatua tano au baada ya 50. Pango lako, ukilipita moja kwa moja bila kupotea, ni kama hatua 210. Hayo ni mapambano saba, kila moja na popo watatu walewale. Mgeni asiyejua njia anatembea mara mbili ya hapo. Weka 60, au waondoe popo wa kuzuka uwaweke wachache wanaoonekana ili mtu achague kupigana au kupita pembeni.

Ama hesabu ya pigo, jaribu hii: 4 * a.atk * a.atk / (a.atk + b.def). Asiye na upanga atapiga 32, mwenye upanga 60. Kaa anaanguka kwa mapigo 13 kwa wa kwanza na saba kwa wa pili. Upanga bado una faida kubwa, lakini aliyeukosa hajahukumiwa. Ukibadilisha, badilisha kwa mbinu zote na kwa maadui wote, usiache nusu kwa hesabu ya zamani, halafu pitia upya uhai wa kila adui. Ni kazi ya jioni mbili tatu, na haikugharimu chochote.

Umeuliza pia nguvu ya gemu yako, na hapa nataka unisikilize, maana naona hujui ulichonacho. Umechukua ile menyu ya kuandikia jina la mhusika, ambayo watu wote huitumia mara moja mwanzoni kisha wanaisahau, ukaigeuza kuwa ufunguo wa visima. Mchezaji lazima aulize watu, asikilize, aandike jina mwenyewe. Pale kijiji cha pili, bibi kipofu analitaja jina la kisima lakini anakosea silabi moja kwa sababu meno yamemtoka. Nililiandika kama alivyolisema, kisima kikacheka, maji hayakutoka. Nikarudi kumsikiliza mjukuu wake akimsahihisha bibi kwa aibu, ndipo nikaelewa. Kwa miaka ninayofanya kazi hii nimecheza gemu za watu wanaoanza zisizo na idadi, na tukio kama hilo silipati mara nyingi. Na zile sauti tatu za muziki zinazorudi kila kisima kinapofunguka, kila mara ikiongezeka ala moja: usizibadilishe hata akija nani.

Tatizo ni kwamba kitu hicho kizuri mtu anakutana nacho baada ya dakika 40. Kabla ya hapo unampa madirisha 31 ya maandishi juu ya nasaba ya wafalme, na nasaba hiyo haihitajiki mpaka kisima cha tatu. Gemu ya Dragon Quest ya mwaka 1986, iliyobuniwa na Yuji Horii, inamwanzisha mchezaji ndani ya ukumbi wa mfalme uliofungwa. Ili atoke, afungue sanduku, achukue ufunguo, afungue mlango. Kufumba na kufumbua ameshafundishwa gemu nzima inachezwaje, kwa mikono yake. Wewe chimba kisima kidogo palepale uwanjani kwa binti. Baba yake alitaje jina lake, mchezaji aliandike, maji yatoke, asevu. Dakika tano. Shida ya kusevu inaisha hapohapo, na yule mtu wa kitandani ameshajua kwa nini gemu hii si kama nyingine. Wafalme watasubiri.

Udhaifu mwingine ni mdogo. Kijiji cha tatu ni kikubwa kupita watu waliomo. Dawa zako zina bei ya chini mno kuliko silaha. Kuna mlango wa ghala unaomnasa mchezaji ukutani. Hayo utayamaliza.

Sasa huyo mshauri wako. Seti ya michoro anayokuuzia haitaigusa ile 30, wala ile 60 inayotolewa kwenye 80. Kaa aliyechorwa upya atauawa kwa mapigo yaleyale 20. Plagini za mapigano ndizo zinanitia wasiwasi zaidi. Nyingi huandika upya shughuli zilezile za ndani za programu, na inayopakiwa mwisho ndiyo inayoshinda. Ukiweka tano za watu watano tofauti, hujui tena ni nani anayehesabu pigo. Kijana mmoja aliniletea gemu yenye plagini zaidi ya 60, zote za "kuboresha". Pigano lilikuwa linaganda kila adui wa pili anapokufa. Tulipoanza kuziondoa moja moja kumtafuta mchawi, faili za kusevu za wachezaji wake zikakataa kufunguka, kwa sababu zilibeba vitu vya plagini ambazo hazipo tena. Alikuwa na hadithi nzuri kijana yule. Aliiacha gemu.

Kuhamia Unreal nako ni kuanza upya. Ramani, mazungumzo, menyu na matukio yako yote yameandikwa kwa lugha ya MV, hakuna kitufe cha kuyahamisha. Na ukifika huko utaulizwa swali lilelile: pigo linahesabiwaje? Gemu ya To the Moon ya Kan Gao ilitoka 2011 kwa RPG Maker XP, programu iliyokuwa tayari kuukuu wakati huo, na karibu haina mapigano. Aliona nguvu yake ni simulizi, akakiondoa kilichoizuia. Undertale ya Toby Fox, 2015, ilitengenezwa kwa GameMaker, programu nyingine ya namna hiyo, na sehemu kubwa ya michoro yake ni ya vipande vichache vya nukta. Mapigano yake yalifikiriwa moja baada ya jingine, kila adui na tabia yake. Sisemi michoro haina maana. Siku gemu yako ikikaa sawa, mtafute mchoraji mmoja akuchoree visima na binti, watu wavitambue wakiviona. Lakini iwe siku hiyo, na mchoraji awe ameicheza.

Nazungumza kwa uchungu kwa sababu biashara hii imekua. Wapo wanaouza mafunzo ya kutengeneza RPG kwa siku saba. Wapo wanaouza majedwali ya "uwiano kamili" ya namba za maadui, kana kwamba namba za gemu moja zinaweza kuvaliwa na nyingine yenye silaha tofauti, ramani tofauti na idadi tofauti ya mashujaa. Wapo wanaouza maoni mazuri ya uongo kwa ajili ya Steam, duka la gemu la mtandaoni, jambo ambalo Steam inalikataza na imewahi kuondoa gemu sokoni kwa ajili yake. Na hata maoni hayo yakipita, mnunuzi wa Steam ana haki ya kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama amecheza chini ya saa mbili. Saa mbili hizo ndizo zenye pango lako. Hakuna maoni ya kununua yatakayomvusha mtu pale.

Wote hawa wanakuuzia kitu cha kuongeza, kwa sababu kilichoongezwa ndicho kinachoonekana na ndicho kinacholipiwa. Kazi inayotakiwa kwako nyingi ni ya kupunguza na kupima. Mtafute mtu ambaye hajawahi kuiona gemu, kaa nyuma yake na karatasi, ufunge mdomo. Usimwambie "pita nyuma ya kinu". Andika saa anapopotea, saa anapoguna, saa anapotazama simu. Watu watatu wa namna hiyo, mmoja mmoja, baada ya kila badiliko. Kukaa kimya huku mtu anaipita njia uliyomwandalia ni kugumu, mimi mwenyewe huwa nauma kalamu, lakini hakuna plagini inayokuonyesha hayo.

Na kabla hujamjibu huyo mshauri, muulize anakionaje kisima kinachocheka. Kama hajafika hapo, hajaicheza gemu anayotaka kuitibu. Nitumie faili jipya ukishakihamisha kisima cha kwanza, na safari hii usiniambie sanduku liko wapi.