Kutafuta kitabu ambacho jina lake limekutoka

Ndugu, umeeleza kwamba unatafuta kitabu cha hadithi ulichosoma katika shule ya msingi, kuhusu msichana aliyejificha ghalani wakati wa njaa, na kwamba unalikumbuka vyema jalada lake jekundu ingawa jina na mwandishi vimekutoka. Nakusihi kwanza usiiamini sana rangi hiyo.

Mimi nilitafuta kwa muda mrefu hadithi ya mvulana na babu yake waliochonga mtumbwi, nikiwa tayari kuapa kwamba jalada lilikuwa la kijani. Niliwazungukia wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa kando ya barabara za katikati ya Nairobi, nikiuliza kitabu cha kijani, nao kwa wema wao wakanitolea kila cha kijani walichokuwa nacho. Nilipokipata hatimaye, jalada lilikuwa la manjano. Hicho cha kijani kilikuwa kitabu kingine ambacho mwalimu alitusomea muhula uleule, na kichwani mwangu hadithi mbili zilikuwa zimeungana: babu alitoka katika moja, mtumbwi katika nyingine. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuitambua hadithi niliyokuwa nikiisimulia. Haikuwahi kuandikwa na mtu yeyote.

Kilichonisaidia ni kuacha kuuliza habari za hadithi na kuanza kuuliza habari za usomaji wenyewe. Nilimaliza darasa la saba kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuanza hapa Kenya mwaka 1985, kwa hiyo kitabu hakingeweza kuwa kipya kuliko hapo. Nilikumbuka pia kwamba maneno magumu yalifafanuliwa mwishoni na maswali kufuata, jambo lililoonyesha kuwa kilitungwa kwa ajili ya wanafunzi. Hapo wachapishaji wa kufikiriwa wakawa wachache, hasa East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, na Kenya Literature Bureau iliyorithi kazi yake hapa nchini baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Nilikwenda maktaba ya McMillan, ile iliyo karibu na Msikiti wa Jamia, nikamtajia mkutubi lugha, darasa, miaka na wachapishaji hao, bila kugusa mtumbwi wala babu. Aliniletea vitabu vyembamba kadhaa, na katika cha nne nikakutana na sentensi ambayo mwalimu alitukaririsha ubaoni. Nilikaa pale nikakisoma chote.

Ukiangukia nakala iliyopoteza jalada, fungua ukurasa wa hakimiliki kabla ya kuirudisha, kwa kuwa jina la mchapishaji na mwaka wa toleo huwa hapo. Vingi vya zamani havina ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, lakini kikiwa nayo, tarakimu 9966 humaanisha kilisajiliwa Kenya.

Waulize pia uliosoma nao, mmoja mmoja, na usiwasimulie unachokumbuka wewe. Nilikosea hapo: nilimtajia rafiki yangu mtumbwi, naye kuanzia siku hiyo akaukumbuka mtumbwi. Muulize tu ni hadithi gani ya mwaka ule haijamtoka.

Kwa sasa tuandikie ulikuwa darasa la ngapi, mwaka gani, na kama kitabu kilikuwa cha Kiswahili au cha Kiingereza, maana hilo la lugha hukulitaja.