Maafisa Mipango Wapya, Ajira Hazihesabiwi Vichwa

Wadogo zangu mlioripoti idara ya mipango ya halmashauri yetu mwaka huu, makaribisho ya mkurugenzi mlishapata. Haya ni yangu, na yamekuja baada ya kusoma jedwali lenu la robo mwaka. Safu ya "ajira zilizozalishwa" imenitoa jasho. Lambo moja, ajira 400! Nawapenda, lakini hapana.

1. Hesabuni siku. Ajira za muda za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini hupangwa siku 60 kwa mwaka. Watu 400 wakizimaliza zote, mmezalisha siku 24,000 za kazi. Mwenye kazi ya kudumu hufanya siku 260 hivi kwa mwaka, kwa hiyo gawanyeni: mmepata sawa na watu 92. Lambo limezishika mkono kaya 400, na hilo liandikeni kwa fahari, ila msiliite ajira 400. Wahindi walipotunga sheria yao ya mwaka 2005, iliyoahidi kila kaya ya kijijini hadi siku 100 za kazi kwa mwaka, nao walihesabu kwa siku.

2. Mtu mmoja aandikwe mara moja. Hapa nivumilieni, kwa sababu kosa hili nalijua kwa ndani. Nilipokuwa mgeni niliagizwa kuandaa taarifa ya ajira kwa kata zote. Nikachukua karatasi za mahudhurio za mradi wa barabara, nikajumlisha mwezi kwa mwezi. Aliyefanya kazi miezi minne akawa watu wanne. Nikaongeza vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: kikundi cha vijana kumi chenye bodaboda moja nikakiandika ajira kumi, utadhani wanaipanda wote kwa zamu ya dakika. Takwimu zikanona. Menejimenti ikapitisha, kamati ya fedha ikapitisha, na mimi nikanunua koti jipya la kuvaa siku ya baraza.

Barazani akasimama diwani mmoja, mzee mpole, akaomba ukurasa wa kata yake. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mtaalamu wetu anasema kata yangu ina ajira nyingi kuliko majina ya daftari la wapiga kura. Naomba aniambie, wanaocheza bao pale stendi tangu asubuhi ni wageni?" Ukumbi ukacheka mpaka mkurugenzi akainamisha uso. Kicheko ningekimeza. Kilichoniuma kilikuja wakati wa bajeti. Takwimu zile zilikuwa zimeshapanda mkoani, na mradi wa mitaro uliokuwa uende kata ileile ukahamishiwa kwingine, kwa hoja kwamba pale "ajira imetosha". Nikatumwa mimi kwenda kuwaeleza. Vijana walikuwa wameshanunua makoleo, wengine kwa mkopo. Mtendaji wa kata alinipa kiti na soda, hakunilaumu hata kwa neno, na ile soda haikushuka.

Kwa hiyo: jina, kijiji, siku alizofanya, malipo aliyopokea. Kikundi kiandikeni kwa watu wanaoishi kwa kazi ile, siyo kwa waliosaini katiba.

3. Semeni mnatumia tafsiri ipi ya kukosa ajira. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato japo saa moja katika wiki ya utafiti ana ajira. Tafsiri yetu ya kitaifa ya kukosa ajira ni pana zaidi, inawaingiza hata waliochoka kutafuta. Mkichanganya asilimia za tafsiri mbili kwenye aya moja, nitajua hamkusoma kiambatisho cha utafiti chenye tafsiri hizo.

4. Kazi hufia kwenye BOQ, ule mchanganuo wa kazi, vipimo na bei za mradi. Mkandarasi akishasaini, ameshapiga bei ya kijiko, ile mashine ya kuchimba. Ukimwomba achukue vijana hamsini atakutazama kama mgonjwa. Kufyeka, kuchimba mitaro na kupanga mawe viandikwe kazi za mikono tangu usanifu. Chuo cha ujenzi cha Mbeya kilichojulikana kama ATTI kinafundisha teknolojia hiyo ya kutumia nguvu kazi; ombeni fundi sanifu wetu mmoja apelekwe. Kuhusu asilimia 30 ya ununuzi inayotengwa kwa makundi maalumu (vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu), mfuateni afisa ununuzi kabla mpango wa mwaka haujafungwa. Baadaye ni siasa tu.

5. Tazameni mvua. Ukimwita mkulima kwenye lambo wakati wa palizi, unampa ujira mdogo na kumnyang'anya gunia. Kiangazi ndicho chenye mikono mitupu. Mhandisi wetu, rafiki yangu kabisa, tumegombana naye sana kwa hili. Hoja yake haibadiliki: mwaka wa fedha unaisha Juni, fedha zitarudi Hazina. Wasiwasi wake ni halali. Basi kazi yenu ni kuandika mapema barua ya kuomba fedha zivuke mwaka, na kuambatisha kalenda ya kilimo ya kata. Kalenda mtaipata kwa afisa ugani, msiitunge ofisini.